Mbegu kukosa unywele si ushahidi

Wakijaribu kutambua nyasi, wengi huiondoa *Achnatherum hymenoides* kwenye orodha yao ya majina yanayowezekana wakiona mbegu haina unywele mgumu kwenye ncha. Nyasi hii ya kudumu, ya nyika kavu na majangwa ya magharibi mwa Marekani, huota kwa mafungu. Unywele huwapo, wa milimita 3 hadi 6, ila hudondoka mapema. Anza na vitawi: vyembamba, vimetawanyika, vimegawanyika viwili viwili, kila ncha na mbegu moja tu. Menya maganda mawili makavu ya nje; ndani utakuta mbegu nyeusi au ya kahawia, yenye manyoya meupe tele. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini zaidi. Majani hujikunja mithili ya uzi. Ukichelewa, mbegu zitapukutika, utabaki na vitawi vitupu.