"Jana umetafuna?"

Chuoni tulifundishwa kumuuliza kila mgonjwa: "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Miaka yangu ya kwanza ya kazi ya ufamasia hapa Mombasa niliuliza hivyo hivyo, neno kwa neno, na karibu kila mtu alinijibu la. Wengine walinijibu la huku shavu moja limevimba.

Hawakuwa wakidanganya. Muguka kwao si dawa. Ni majani ya kutafuna yanayochangamsha, ni cha kupitishia jioni, ni cha barazani. Dawa ni kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha, kina jina gumu, na unaambiwa kutwa mara tatu. Kwa hiyo siku hizi swali langu ni fupi: "Jana umetafuna?" Hapo majibu huja, tena kwa urefu.

Aliyenifunza kuuliza hivi ni mzee mmoja dereva wa tuktuk, umri hamsini na kitu. (Nimebadilisha mambo madogo asitambulike, mtaa wetu mdogo.) Ana presha, anatumia vidonge viwili, na kadi yake ya kliniki ilikuwa safi: 134 kwa 84, 130 kwa 82, mwezi baada ya mwezi. Siku moja baada ya magharibi akaja kutaka Panadol. Kichwa kinagonga, alisema, na si mara ya kwanza, kila jioni ni hivyo. Nikamkalisha, nikampima. 172 kwa 104, mapigo ya moyo 112 kwa dakika.

Nilidhani mashine imeharibika. Nikapima mkono wa pili, yale yale. Ndipo nikauona mfuko mdogo wa plastiki mfukoni mwa shati lake.

Kliniki humpima saa tatu asubuhi. Yeye huanza kutafuna saa tisa mchana. Kadi haikusema uongo, ila ilikuwa ikisimulia habari za mtu mwingine, yule wa asubuhi.

Kuelewa jambo hili lazima tulifungue jani lenyewe. Mti ni mmoja, miraa ya Meru na muguka wa Embu. Kwenye miraa watu huchuna gamba laini la kijiti; kwenye muguka hula majani machanga yenyewe. Jina lake la kisayansi, Catha edulis, linatokana na kazi ya Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyekwenda Yemen na msafara wa mfalme wa Denmark akafia huko huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa na mwenzake Carsten Niebuhr mwaka 1775. Lakini kilichomo ndani ya jani kilichukua miaka mia mbili kujulikana vizuri, na sababu yake inachekesha kidogo: wanakemia wa Ulaya walikuwa wakichunguza majani yaliyokauka njiani. Walipata kathini, dutu isiyo na nguvu sana, wakashangaa watu wa Yemen na Ethiopia wanapata wapi uchangamfu wote ule. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ikachunguza majani mabichi, ikapata kathinoni, ndiyo yenye nguvu.

Kathinoni haidumu. Jani likinyauka, hubadilika kuwa kathini na nduguye, na baada ya siku mbili tatu nguvu imeisha. Mchuuzi yeyote wa soko la Kongowea anajua hili bila maabara. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na ndiyo maana magari yanayoishusha kutoka Maua, Meru, hukimbia vile barabarani, hata ukayakimbia wewe.

Sasa, kinachotokea ukitafuna. Sehemu kubwa ya kathinoni huingia mwilini kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu, kabla hata hujameza kitu. Ndiyo faida ya kuliweka tonge shavuni. Katika damu hupanda taratibu na kufika kileleni baada ya saa mbili hivi, kisha kila baada ya saa moja na nusu, nusu yake huondoka. Kathini hukaa zaidi, nusu yake huchukua kama saa tano.

Ubongoni, seli za neva huhifadhi dopamini katika vijifuko, na hutoa kidogo kidogo inapohitajika: umepata chakula kizuri, umecheka na rafiki, umelipwa. Ikishafanya kazi yake, kuna pampu inayoirudisha ndani ikahifadhiwe. Kathinoni huifanya pampu hiyo ifanye kazi kinyume. Badala ya kuirudisha dopamini ghalani, inaitoa nje. Fikiria bandarini, makuli wote wageuzwe kwa amri moja, waliokuwa wakiingiza magunia waanze kuyatoa. Soko linajaa mali. Kila wazo ni zuri, kila mradi unawezekana, kila mtu barazani ni mwerevu. Hiyo ndiyo stimu, au handasi kama wasemavyo wengine. Amfetamini hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na umbo la kathinoni linafanana nayo sana. Tofauti kubwa ni nguvu, na kwamba taya hukuchokesha kabla hujafika mbali.

Lakini magunia yakiisha ghalani hakuna wa kutoa. Ukikaa barazani hadi mwisho utaona: kelele saa moja usiku, kimya saa nne, kila mtu anatazama vidole vya miguu yake. Kesho yake uzito, hasira ndogo ndogo, na kwa watafunaji wa kila siku wanaoacha ghafla, ndoto mbaya. Si arosto ya unga, yale mateso ya anayeacha heroini, asiwatishe mtu. Ila ipo.

Pamoja na dopamini hutoka noradrenalini, na hiyo ndiyo iliyomleta mzee wangu dukani. Noradrenalini hukaza mishipa ya damu na kuuharakisha moyo. Kidonge chake cha amlodipini kinafanya kinyume, kinalegeza mishipa. Kwa hiyo kila jioni mwilini mwake kulikuwa na watu wawili kwenye kamba moja, mmoja anakaza, mwingine analegeza, na moyo ulikuwa katikati. Nchini Yemen madaktari wa moyo wameandika kuhusu uhusiano kati ya kutafuna na mshtuko wa moyo, na kwa anayejua kazi ya noradrenalini si habari ya kushangaza.

Noradrenalini hiyo hiyo hukaza mlango wa kibofu. Wazee wenye tezi dume iliyovimba hulalamika mkojo hautoki vizuri usiku, wakapewa kidonge, wakaendelea kutafuna. Kuna kundi la dawa za tezi dume ambalo kazi yake ni kuulegeza mlango ule ule ambao jani linaubana. Nikiwaeleza hivyo hucheka, kisha huacha kucheka.

Kingine kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni mafua. Baadhi ya vidonge vya mafua vina sudoefedrini ndani, ya kuzibua pua. Kathini na sudoefedrini ni binamu, tena binamu wa nyumba moja: zinatofautiana kwa kipande kidogo tu cha kikemia. Mtu mwenye presha, ametafuna, kisha anameza kidonge cha mafua alichonunua bila kuulizwa chochote, amejiongezea dozi ya kitu kile kile kupitia mlango wa pili. Hakuna polisi mwilini anayekagua hii imetoka shambani na hii imetoka kiwandani.

Wapo wanaoniambia, "Daktari, lakini hii ni ya asili." (Mimi ni mfamasia, lakini Mombasa ukivaa koti jeupe wewe ni daktari.) Huwajibu kwa kisa cha bupropioni. Ni dawa ya kiwandani, hutibu mfadhaiko na kuwasaidia watu kuacha sigara, na umbo lake limejengwa juu ya mfupa wa kathinoni. Kathini nayo iliwahi kuuzwa katika nchi kadhaa kama dawa ya kupunguza hamu ya kula. Jani, kidonge, ni kemia moja. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge mtu amepima miligramu ngapi, na kwenye fungu la shilingi mia mbili hakuna aliyepima.

Tumboni mambo ni tofauti tena. Jani lina tanini nyingi, ile ile inayokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini hushikana na vitu. Hufunga choo, na bawasiri za watafunaji zinajulikana hata kwa mzaha. Lakini pia hushika dawa. Utafiti uliofanywa Yemen na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa antibaiotiki ya ampisilini ikimezwa wakati wa kutafuna, mwili hupata kidogo sana. Amoksilini nayo hupungua, ingawa si kwa kiasi hicho. Saa mbili baada ya kumaliza, tatizo karibu linaisha. Fikiria basi mtu mwenye kidonda amepewa antibaiotiki kutwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo ziko ndani ya saa za baraza. Atarudi kwangu siku ya tano aseme dawa zenu siku hizi ni feki.

Halafu ini. Ini lina vimeng'enya vinavyozikata dawa, kimoja kinaitwa CYP2D6. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya watu wenye afya nchini Ethiopia waliotafuna kwa siku kadhaa: kazi ya kimeng'enya hicho ilipungua. Kwa baadhi ya dawa maana yake zitarundikana, kama metoprololi ya moyo au amitriptilini. Kwa nyingine ni kinyume. Kodeini yenyewe haitulizi maumivu vya kutosha mpaka CYP2D6 iibadilishe kidogo kuwa mofini. Kimeng'enya kikizuiwa, mtu amemeza kodeini na bado anaumwa, na anayempa dawa anamtilia shaka kwamba anatafuta kulewa.

Kuhusu akili nitasema machache kwa sababu huwa napata taabu kusema machache. Dawa nyingi za kutibu kusikia sauti na kuona mambo, haloperidoli ikiwemo, hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini. Jani linamwaga dopamini. Mama mmoja amekuwa akimleta kijana wake; kijana anachomwa sindano kila mwezi bila kukosa, na kila mwezi wiki ya tatu anarudi kuzungumza na ukuta. Familia ilishaanza kutafuta mchawi. Sikuwa na la kuwaambia kuhusu wachawi. Niliuliza swali langu, kijana akanijibu mwenyewe, kwa adabu, kwamba hutafuna asubuhi hadi usiku "ili dawa isinilaze".

Hilo la kulala lina mlango wake pia. Usiku usingizi hauji, basi watu hutafuta kidonge cha kushushia, mara nyingi diazepamu isiyo na cheti cha daktari. Kathinoni imeshaondoka alfajiri. Diazepamu bado ipo kesho kutwa, maana nusu yake huweza kuchukua siku nzima au zaidi kutoka. Asubuhi dereva anaamka mzito, anatafuna ili aamke, na usiku anameza ili alale. Huyo ndiye aliyekubeba kwenda stendi.

Wenye kisukari nawaomba kitu kimoja: jani huua hamu ya kula. Umechoma insulini au umemeza kidonge, chakula cha jioni hukukigusa, sukari inashuka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio. Barazani hizo zote zinaitwa stimu. Na soda ya kushushia uchungu wa majani ndiyo inayowaokoa wengine bila wao kujua, kabla ya kuwapandisha sukari hadi mia nne. Na mama anayenyonyesha ajue kwamba kathini imeshapatikana ndani ya maziwa ya mama.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitangaza kupiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi. Nchini mwetu ni zao halali; ukivuka Lunga Lunga kuingia Tanzania, fungu lile lile ni dawa ya kulevya na utafungwa. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2014. Mwili hausomi gazeti la serikali, kwa hiyo mimi huendelea kuuliza tu.

Mzee wa tuktuk nilimpa daftari la Kasuku. Apimwe asubuhi na jioni kwa wiki nne, dukani kwangu, bure, na pembeni aandike alama siku aliyotafuna. Jioni zisizo na alama zilikuwa 138 kwa 86, 140 kwa 88. Jioni zenye alama hazikushuka chini ya 160. Alilipeleka daftari kliniki, na daktari aliyekuwa tayari kumwongezea kidonge cha tatu akakifuta.

Siku hizi anasema hutafuna Alhamisi tu. Bado anakuja na daftari. Wiki iliyopita niliona Jumapili mbili zina 160 na kitu, na pembeni kuna alama, kwa mwandiko wake. Nikampima, nikaandika, nikamrudishia.