Kima, Papa na Punda wa Dobi: Tunayoyakosea Darasani

Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliisikia hadithi hii ya kima na papa Zanzibar, akaichapisha mwaka 1870 kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Ni hazina kwa mwalimu, ila tunaibana mno.

Dhana: Ni hadithi ya chekechea.
Ukweli: Chimbuko lake ni Panchatantra ya India, mkusanyiko unaosemekana kutungwa ili kuwafunda wana wa mfalme. Karne ya 8 mwandishi Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu, ndani ya kitabu cha Kalila wa Dimna. India rafiki wa kima ni mamba. Kwa Waarabu ni kasa. Pwani yetu akawa papa. Darasa la sita wana mengi ya kujadili hapo.

Dhana: Hadithi moja, funzo moja.
Ukweli: Hapa ndipo tunapowanyima watoto uhondo. Kima humtupia Papa kuyu, matunda ya mkuyu, kutoka mtini, urafiki unakolea, Papa anamwalika kwao. Katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia kuwa kima huacha mioyo yao mtini, basi warudi kuuchukua. Wakifika anapanda, hashuki tena. Ubaoni tunaandika “Usimwamini kila rafiki”, daftari zinafungwa.

Lakini mbona Papa alitoa siri kabla hawajafika? Alimwonea haya rafiki yake? Na uongo wa Kima, ni dhambi au ni werevu? Waachie wabishane, na asiwepo mshindi.

Tena wengi huruka kisa cha ndani, anachokisimulia Kima akiwa juu ya mti. Sungura anamlaghai punda wa dobi aende kwa Simba aliyetoka kuugua. Punda anashambuliwa, anaponyoka. Anabembelezwa tena, anarudi, anauawa. Sungura anakula moyo na masikio, kisha anamwambia Simba kuwa punda yule hakuwa navyo: angekuwa navyo, angerudi? Mtoto akisikia hayo anatambua kwamba moyo unaozungumzwa ni ule wa kuwazia, na masikio ni ya kusikia onyo. Bila kisa hiki, lile jibu la Kima kule baharini linabaki ujanja mtupu.

Dhana: Inawapotosha katika sayansi.
Ukweli: Mtoto wa pwani anajua papa hali kuyu. Akiuliza, mfurahie, kisha mchambue pamoja papa anakula nini hasa.

Dhana: Kuisoma kitabuni kunatosha.
Ukweli: Ilizaliwa mdomoni. Anza na “Paukwa!”, ngoja “Pakawa!” ije kwa kishindo. Papa akishatoa siri yake, funika kitabu, waulize: wewe ungemjibu nini?