Kinu cha kupasulia mafuta mazito: kinavyofanya kazi na kwa nini kimekuwa bomba

Mafuta ghafi yakichemshwa kiwandani hutoa kile tu kilichokuwamo. Sehemu nyepesi hupanda juu ya mnara zikawa gesi na petroli, zinazofuata zikawa mafuta ya taa na dizeli, na chini kabisa hubaki kitu kizito, cheusi, ambacho hakuna gari linaloweza kukitumia. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kilikuwa cha aina hiyo. Kilitenganisha, kikaiboresha petroli iliyopatikana, lakini mtambo wa kupasua mafuta mazito hakikuwa nao. Sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa mafuta ya kuchomea tanuri na boila, ambayo mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko mafuta ghafi yenyewe. Kushindana na petroli iliyoagizwa tayari kutoka viwanda vyenye mtambo huo kulikuwa kugumu mno.

Mtambo uliokosekana pale ni kinu cha kupasulia mafuta kwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kutumika. Kazi yake ni kuchukua mafuta mazito, ambayo molekuli zake zina atomi za kaboni 20, 30, 40 au zaidi, na kuzikata ziwe fupi. Zenye atomi 5 hadi 12 ndizo petroli. Fupi zaidi huingia kwenye gesi ya kupikia. Ndefu kidogo huenda upande wa dizeli. Joto peke yake linaweza kuzikata, na viwanda vya Marekani vilikuwa vikifanya hivyo tangu 1913. Kichocheo huifanya kazi hiyo haraka zaidi na kwa matokeo bora: unga wa alumina na silika wenye asili ya tindikali huipa molekuli chaji, molekuli inakatika, na vipande vyake hujipanga upya vikawa na matawi. Matawi hayo ndiyo yanayoipa petroli okteni ya juu, yaani uwezo wa kustahimili mgandamizo ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati.

Hadi hapo ungedhani inatosha kujaza unga ndani ya tangi na kupitisha mafuta ya moto. Kinachoharibu mpango huo ni masizi. Molekuli kubwa zinapokatwa, sehemu zenye kaboni nyingi hunata juu ya chembe za kichocheo. Kwa mafuta ya kawaida yanayoingizwa, karibu asilimia 5 ya uzito wake huishia kuwa masizi, na ndani ya sekunde chache vinyweleo vya chembe vimeziba na nguvu yake imekwisha. Mtu akilishika jambo hili moja, umbo zima la kinu humfungukia. Kila kiungo chake kimewekwa ama kuitumia ile nafasi fupi kabla kichocheo hakijaziba, ama kukitoa na kukichoma masizi, ama kukirudisha kazini kikiwa safi.

Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry ndiye aliyelikabili tatizo hili kwanza kwa ukubwa wa kiwanda. Mtambo wake wa Marcus Hook, Pennsylvania, ulioanza mwaka 1937 katika kiwanda cha Sun Oil, ulikiacha kichocheo kikae mahali pamoja ndani ya matangi. Tangi moja lilipokea mafuta kwa dakika 10 hivi, kisha likafungwa, likafukuzwa mvuke wa mafuta uliobaki, likapulizwa hewa ili masizi yaungue, likafukuzwa hewa, likarudi kwenye mafuta. Matangi mengine yalishika zamu ili kazi isikatike. Petroli ilikuwa nzuri sana, lakini fikiria idadi ya vali za kufunguka na kufungwa usiku na mchana katika joto kali, zikiongozwa na saa. Isitoshe, moto wa kuchoma masizi ulikuwa unapasha tangi ambalo muda mfupi baadaye lingehitaji joto hilo hilo, hivyo Houdry alilazimika kuzungusha chumvi iliyoyeyuka kwenye mabomba ili kulichukua joto na kulihifadhi.

Jibu lililodumu mpaka leo lilikuwa kukihamisha kichocheo badala ya kuhamisha mikondo ya gesi. Warren Lewis na Edwin Gilliland wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha kwamba unga laini ukipitishiwa gesi kutoka chini huacha kukaa kama lundo; chembe zinaachana, unga unavimba na kuanza kutiririka. Unaweza kuushusha kwenye bomba, kuupandisha kwenye lingine, na kuuzuia kwa vali. Watafiti wa Standard Oil ya New Jersey, wakiwemo Donald Campbell, Homer Martin, Eger Murphree na Charles Tyson, waliligeuza wazo hilo kuwa mtambo. Wa kwanza uliwashwa Baton Rouge, Louisiana, tarehe 25 Mei 1942, wakati jeshi la Marekani lilipokuwa linaidai kila lita ya petroli ya ndege.

Tuifuate chembe moja katika mzunguko wake kwenye mtambo wa siku hizi. Upana wake ni kama maikromita 70, wastani wa unywele wa mtu. Inaanzia chini ya bomba refu lililosimama wima, lenye urefu wa mita 30 au zaidi, ikiwa na joto la nyuzi 700 hivi za Selsiasi kutoka kwenye tanuri la kuchomea masizi. Hapo inakutana na mafuta mazito yanayopuliziwa ndani pamoja na mvuke wa maji kupitia midomo maalumu inayoyatawanya yawe matone madogo mno. Midomo hiyo haipewi heshima inayostahili na wengi wanaousimulia mtambo huu. Matone yakiwa makubwa, mafuta huchelewa kugeuka mvuke, huilowesha chembe, na masizi huanza kabla kazi ya maana haijafanyika. Matone yakiwa madogo, mafuta huwa mvuke papo hapo na kuingia kwenye vinyweleo.

Kutoka hapo ni mbio kwenda juu. Molekuli moja ikikatwa inakuwa mbili au tatu, kwa hiyo gesi inaongezeka kadiri inavyopanda, na mwendo nao unaongezeka. Safari nzima huchukua sekunde 2 hadi 4. Kule juu joto limeshuka hadi kati ya nyuzi 500 na 550, kwa sababu kukata molekuli kunakula joto. Petroli imeshapatikana, na chembe yetu ni nyeusi.

Bomba hilo ndilo kinu chenyewe. Mitambo ya mwanzo haikuwa hivyo. Mafuta yalipasuliwa ndani ya tangi pana lenye unga unaochemka, na chombo hicho bado kinaitwa kinu katika viwanda vingi ingawa kupasua kunaishia kabla ya kukifikia. Kilichobadilisha mambo ni zeolaiti, fuwele zenye vijitundu vya kipimo kimoja, ambazo Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya mafuta ya Mobil waliziingiza kwenye vichocheo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nguvu yake ilizidi ile ya vichocheo vya zamani kwa mbali sana, na ghafla tangi pana likawa kasoro. Ndani ya tangi gesi huzunguka: baadhi ya molekuli hutoka mapema bila kuguswa, nyingine hukaa muda mrefu, na petroli iliyokwisha kutengenezwa hukatwa tena ikawa gesi isiyo na thamani. Ndani ya bomba jembamba lenye mwendo mkali, karibu kila molekuli hukaa muda ule ule. Kadiri kichocheo kilivyoimarika, ndivyo chombo kilivyopungua mpaka kikabaki bomba.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwisho wa bomba umesumbua wabunifu kuliko mwanzo wake. Mvuke wa petroli ukibaki kwenye nyuzi 520 kwa sekunde kadhaa zaidi, joto lenyewe linaendelea kuuvunja hata bila kichocheo. Basi bomba huunganishwa moja kwa moja na saikloni, vyombo vinavyoizungusha gesi kwa nguvu ili chembe zirushwe ukutani na kuanguka, nayo gesi itoke juu kwenda mnara wa kutenganishia. Chembe yetu inaanguka sehemu ya chini, ambako mvuke wa maji unaupangusa mvuke wa mafuta ulionaswa katikati ya chembe. Kiwanda kikifanya uzembe hapa, kinachoma petroli yake chenyewe.

Kisha inateremka hadi kwenye tanuri la kuhuishia, inakutana na hewa inayosukumwa na kipulizaji kikubwa, masizi yanaungua, joto linapanda tena hadi nyuzi 700 na ushee, na inashuka kwenda kwenye mafuta mengine. Mzunguko wote ni dakika chache.

Sasa linakuja jambo ambalo kwangu ndilo uzuri wa ubunifu huu. Masizi yanayoua kichocheo ndiyo kuni za mtambo. Joto la kuyachoma hubebwa na chembe zenyewe mpaka chini ya bomba, na hilo ndilo linalogeuza mafuta kuwa mvuke na kulipia upasuaji. Chukua mtambo wa mapipa 50,000 kwa siku: ni karibu tani 300 za mafuta kwa saa. Kila tani moja ya mafuta ikihitaji tani 6 za kichocheo, unazungusha tani 1,800 kwa saa, yaani mzigo wa semitrela moja kila dakika. Na masizi yanayoungua, kwa asilimia 5, ni tani 15 kwa saa.

Kwa kuwa kuni na kazi vimefungwa pamoja hivyo, mwendeshaji hawezi kugusa kitu kimoja tu. Tuseme mafuta yanayoingia yamekuwa mazito zaidi. Masizi yanaongezeka, tanuri linapanda joto. Mtu angetarajia kwamba kichocheo chenye joto zaidi kitapasua zaidi, lakini vali inayolinda joto la juu ya bomba inaona kwamba kichocheo kidogo tu kinatosha kuleta joto linalotakiwa, basi inajibana. Kichocheo kinachokutana na kila tani ya mafuta kinapungua, na upasuaji unashuka. Nyuzi zikizidi sana, mvuke wa maji uliomo kwenye tanuri unazibomoa fuwele za zeolaiti, na madini ya vanadi yaliyokuja na mafuta mazito yanauharakisha uharibifu huo.

Wabunifu wana njia mbili kuu za kulitoa joto la ziada. Moja ni kuyachoma masizi nusu nusu, yawe kaboni monoksaidi badala ya kaboni dayoksaidi. Kwa hatua hiyo kaboni hutoa chini ya theluthi moja ya joto lake, na gesi inayobaki humaliziwa kuungua kwenye boila ya pembeni. Nyingine ni kukipitisha sehemu ya kichocheo kwenye kipoozeo chenye mabomba ya maji, ambako joto hugeuka mvuke wa kuendeshea mitambo mingine. Hizi ndizo zilizowezesha kupasua hata mabaki ya chini kabisa ya mnara. Kiwanda cha Sohar, Oman, kilichofunguliwa mwaka 2006, kimejengwa kwa kuuzunguka mtambo wa namna hiyo, kikipokea mabaki kutoka kiwanda cha Mina al-Fahal, Muscat. Kiwanda cha Dangote kule Lekki, Nigeria, nacho kinategemea mtambo wa kupasua mabaki ili kupata petroli yake.

Kuna sehemu moja ya kinu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi aikazie macho, nayo ni vali mbili zinazokidhibiti kichocheo: moja kwenye bomba linaloteremka kutoka kinu kwenda tanuri, nyingine kwenye linalotoka tanuri kurudi chini ya kinu. Upande mmoja wa mzunguko umejaa mvuke wa mafuta, upande wa pili umejaa hewa, na hakuna ukuta kati yao. Kinachovitenganisha ni safu nzito ya unga iliyosimama juu ya kila vali, ambayo uzito wake huizidi presha ya upande wa pili. Vali hupimwa tofauti ya presha kati ya juu na chini yake muda wote; tofauti hiyo ikikaribia sifuri, inajifunga yenyewe.

Lakini unga moto unaopita kwa tani 30 kila dakika husaga chuma. Mwaka 2015 huko Torrance, California, mtambo ulikuwa umesimamishwa kwa muda, na vali iliyoliwa kwa miaka haikuweza kuishikilia safu ya unga. Mvuke wa mafuta ulipenya hadi upande wa hewa na kulipuka kwenye kichujio cha umeme cha moshi. Mwaka 2018 huko Superior, Wisconsin, ilikuwa kinyume: mtambo ukizimwa kwa matengenezo, hewa ilipita kwenye vali iliyolika ikaingia upande wa mafuta, na mlipuko ukafuata. Katika visa vyote viwili uzalishaji ulikuwa umesimama. Ndiyo maana utaratibu wa kuzima kinu hiki hauiachii vali pekee kazi ya kutenganisha: hutumia pia mvuke wa maji unaoingizwa ndani ya kinu kwa presha inayozidi ya tanuri na ya mnara, ili hewa na mafuta visukumwe kila kimoja upande wake hata kama unga wote umekwisha kumwagika.