Tonado: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Kila video ya tonado ya Marekani, ule upepo mkali wa kuzunguka unaoshuka kutoka wingu la radi hadi ardhini, inapozunguka kwenye simu, barazani hapa Mombasa huzuka mjadala uleule. Huyu ana dada yake Texas, yule mwanawe anasoma Kansas, na kila mmoja ana la kusema. Mengi ni porojo tu zisizo na madhara. Lakini yapo ambayo mtu akimpigia dada yake na kumshauri, atamponza.

Linaloniudhi zaidi ni la madirisha. "Wafungue madirisha, hewa ipite, nyumba isipasuke." Eti kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ndani ya tonado ni ndogo mno, basi hewa iliyofungiwa nyumbani hupasua kuta. Wamarekani wenyewe waliambiwa hivyo miaka mingi. Nyumba haipasuki. Upepo huvunja dirisha au mlango wa gereji, ukaingia, ukasukuma paa kutoka ndani; paa likishang'oka, kuta hazina cha kuzishika. Ukifungua dirisha umeufungulia mlango, tena uko mbele ya vioo huku mbao na mawe vinarushwa. Tonado za daraja la juu kabisa, EF5, upepo wake hupita kilomita 320 kwa saa. Vitu vinavyorushwa ndivyo huua wengi. Kwa hiyo ni kushuka chini ya ardhi kama kuna chumba huko. Kama hakuna, ni kuingia chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa, choo au stoo, na godoro kichwani. Mwambie dada yako hivyo, halafu ukate simu aende.

"Aliye njiani ajifiche chini ya daraja." Hii ilienezwa na video iliyopigwa Kansas mwaka 1991, waliojibanza chini ya daraja wakatoka salama. Tarehe 3 Mei 1999, Oklahoma, kuna waliofanya vivyo hivyo wakafa. Upepo ukibanwa penye uwazi mwembamba huzidi kasi, na huja na takataka zake zote.

Wapo pia wanaoamini kwamba tonado haivuki maji, na sisi wa kisiwani tunalipenda sana wazo hilo. Ile ya St. Louis ya tarehe 27 Mei 1896 ilivuka Mto Mississippi ikaenda kuua ng'ambo.

"Hayo ni ya Marekani bwana." Marekani ndiyo hupata nyingi zaidi, zaidi ya 1,000 kwa mwaka, lakini iliyoua watu wengi kuliko zote ilipiga Bangladesh mwezi wa Aprili 1989, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 1,300. Afrika Kusini nako zipo. Desemba 1998 moja ilipita Umtata wakati Nelson Mandela, akiwa bado rais, yuko ndani ya duka la dawa. Walinzi wake walimlaza chini wakamfunika kwa miili yao. Kwetu ndiyo ni nadra, kwa kuwa tuko karibu mno na ikweta, na tofauti kali za upepo wa chini na wa juu, zinazoyazungusha mawingu makubwa ya radi, huku ni haba.

Kuna wanaobisha kwa kutaja Hidaya. Hidaya ilikuwa kimbunga cha bahari, mamia ya kilomita kwa upana, na ilifuatwa kwa setilaiti siku kadhaa kabla ya kufika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024. Wavuvi wetu walionywa mapema wasitoke. Tonado huzaliwa na wingu moja la radi, na onyo lake huwa la dakika tu. Na chamchela inayozungusha vumbi na mifuko ya plastiki uwanjani si tonado changa, wala si jini: hiyo huanza chini, kwa joto la ardhi, hata mbingu ikiwa kweupe.

Sasa kuna hili la walio jirani na njia yake: "Imeshapita mtaa wa pili, tumesalimika." Ni kweli kwamba tonado huweza kukwangua nyumba za upande mmoja wa barabara hadi msingi na kuacha za upande wa pili. Lakini ile ya El Reno, Oklahoma, mwaka 2013, ilifikia upana wa kilomita 4 hivi, kwa hiyo huo "mtaa wa pili" si umbali wa kutegemea. Tena wingu lililozaa moja huweza kuzaa nyingine nyuma yake.

Hata upepo ukitulia, kazi haijesha. Tonado ilipopiga Marion, Illinois, mwaka 1982, nusu ya majeruhi waliumia baadaye, katika kuokoa watu na kuondoa vifusi, na karibu theluthi ya majeraha hayo yalitokana na kukanyaga misumari. Aliyewahi kuona paa la mabati likitupwa chini na kusi la Kisauni hahitaji kuelezwa: mbao hulala chali, misumari imeelekea juu, na vijana wanakuja mbio na ndala. Vaeni viatu vya soli ngumu. Jenereta iwekwe nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake huua watu usingizini. Na waya ulioanguka msiuguse, hata mtaa mzima ukiwa giza. Uhesabuni kuwa una stima mpaka mafundi wenyewe waje waseme hauna.