Je, wajua kwa nini bluberi hufa njaa kwenye udongo ulioshiba?

Rafiki yangu wa Kitengela, karibu na Nairobi, alinitumia picha ya mche wake wa bluberi, yale matunda madogo ya buluu. Majani machanga ya juu yalikuwa yamegeuka manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani, utadhani mtu amechora mito kwa kalamu. Jirani alishamwambia mmea una njaa, auongezee samadi. Kuhusu njaa, jirani alisema kweli. Kuhusu dawa, alikosea.

Njaa yenyewe ni ya madini ya chuma, na kinachoshangaza ni kwamba udongo wa mfinyanzi una chuma tele. Shida ni kwamba udongo ukikosa tindikali, chuma hicho hugeuka kitu kama kutu, kisichoyeyuka kwenye maji, na mzizi hauwezi kunywa kutu. Tindikali hupimwa kwa pH: namba ikishuka, tindikali inapanda. Bluberi hutaka pH ya kati ya 4.5 na 5.5. Udongo mweusi wa Kitengela, huu mfinyanzi tunaouita black cotton, mara nyingi hufika 7 na kupita. Tofauti hiyo isikudanganye kwa udogo wake, maana kila hatua moja ya pH ni mara 10: kutoka 4.5 hadi 7.5 tindikali imepungua mara 1,000. Chukua donge la udongo wako mkavu, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa, ambayo humeza tindikali.

Mahindi na sukuma wiki huvumilia hali hiyo. Mbona bluberi haiwezi? Ukoo wake ndio ule wa Erica, vichaka vya majani membamba unavyokutana navyo ukipanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, ukishauacha msitu nyuma. Hata ndugu yake wa karibu tunaye: Vaccinium stanleyi huota mwituni milimani Rwanda na Uganda. Mimea hii imezoea udongo maskini, wenye tindikali, ambamo chuma huyeyuka chenyewe. Mizizi yake ni myembamba, haina vile vinywele vya kunyonyea ambavyo mimea mingine inavyo, na hutegemea kuvu wanaoishi ndani yake kuitafutia chakula. Mmea uliolelewa hivyo haujui kupigania chuma.

Jambo hili halikujulikana hadi mwaka 1910, mtaalamu wa mimea wa Marekani, Frederick Coville, alipoandika kwamba bluberi hudhoofu kwenye udongo mzuri wa bustani, ule wenye rutuba na chokaa. Mkulima wa New Jersey, Elizabeth White, aliyasoma hayo akamwita shambani kwao. Mwaka 1916 wakauza mavuno ya kwanza ya bluberi za kupandwa. Kabla ya hapo watu waliokota za porini tu.

Sasa, si kila mfinyanzi ni adui. Udongo mwekundu wa Limuru nao ni mfinyanzi, lakini una tindikali na hupitisha maji. Ndiko chai ilikopandwa kwanza Kenya, mwaka 1903. Palipo na chai, bluberi ina matumaini.

Black cotton ina kosa la pili: ikilowa hujifunga, na mizizi hukosa hewa. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanachimba shimo, wanalijaza udongo mzuri wa kununua, wanapanda. Mvua ikinyesha shimo linakuwa karai, maji hayana pa kutokea, mizizi inaoza. Usichimbe. Inua tuta juu ya ardhi, sentimita 30 hadi 45, kwa maganda ya msonobari yaliyooza nusu, kisha tandaza maranda juu. Mizizi ya bluberi hukaa juujuu, kwa hiyo tuta linaitosha. Kwa Kitengela mimi ningechagua pipa la lita 40 lenye matundu chini, nisisumbuke na ardhi kabisa.

Salfa, ileile inayopulizwa kwenye mikorosho Mtwara, hushusha pH, ila bakteria lazima waigeuze tindikali kwanza, kazi ya miezi. Kwenye udongo uliotoa povu ni kumwaga pesa, kwa sababu chokaa huimeza tindikali yote. Jivu usiguse. Mbolea iwe SA (salfeti ya amonia), si CAN (kalsiamu amonia naitreti), kwani CAN ina kalsiamu, kama chokaa. Na yale machicha ya kahawa yanayosifiwa kila mahali? Tindikali yake nyingi ilishakwenda kwenye kikombe chako.

Rafiki yangu nilipomuuliza anamwagilia nini, jibu lilikuwa maji ya kisima. Maji yale huacha ukoko mweupe ndani ya birika lake. Kila jioni alikuwa anaunywesha mche chokaa kwa ndoo. Sasa ametega tangi chini ya mabati, anasubiri mvua.