Ushirikishaji wa jamii katika utafiti wa biolojia ni nini?

Ushirikishaji wa jamii ni kazi ya watafiti kuwaeleza wananchi, walimu na wanafunzi wanachunguza nini, kwa sababu gani na wamegundua nini, kisha kusikiliza maswali yao na kuyafanyia kazi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika mara nyingi. Kugawa vipeperushi ni kutoa taarifa tu. Ushirikishaji huanza pale mzazi anapohoji na mtafiti akalazimika kubadilisha utaratibu wake.

Mfano mzuri uko Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) na Wellcome Trust (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya), kilichoanza mwaka 1989. Kinajulikana zaidi kwa utafiti wa malaria, na sehemu kubwa ya utafiti huo huhitaji damu ya watoto. Sasa pwani hii ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, watu wanaosemekana kuvuna damu ya wenzao kutengenezea dawa. Mama akiona mwanawe anatolewa damu, ukamwambia ni "mililita 5", hujamwambia kitu. Mwonyeshe kijiko cha chai, kwa kuwa ndicho kipimo hicho hicho, naye ataona mwenyewe. Hapo ndipo yanapokuja maswali mazito: Itahifadhiwa hadi lini? Itasafirishwa nje ya nchi? Majibu mimi nitapewa lini? Ni maswali ya haki kabisa, na mtafiti asiye na majibu yake hajawa tayari kuanza.

Kwa sababu hiyo kituo hicho kina wawakilishi wa jamii, wanavijiji waliochaguliwa na wenzao, ambao hukutana na watafiti kupeleka malalamiko na kurudisha maelezo.

Shuleni faida yake ni kubwa kuliko wengi tunavyodhani. Mwanafunzi wa sekondari hukariri kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kitabuni ni sentensi moja, inapita. Lakini utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kinga hiyo ni takriban asilimia 50 kwa malaria ya kawaida, na takriban asilimia 90 kwa malaria kali. Mwalimu akizipata takwimu hizo, kipindi kinabadilika. Anaweza kuliuliza darasa: mbona zinatofautiana hivyo? Watafiti walijuaje? Waliwalinganisha watoto gani na gani? Na kama shule iko Kilifi, watoto hao ni wa kaunti yao wenyewe.

Wanafunzi wa huko pia hupelekwa kutembelea maabara. Kwenye mchoro wa kitabu, kimelea cha malaria kimekaa katikati ya ukurasa, kikubwa, kimeandikwa jina. Chini ya hadubini, kwenye slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa, ni kijipete chembamba ndani ya chembe nyekundu ya damu, na huenda ukasogeza slaidi mara nyingi kabla hujakiona kimoja. Jambo hilo maelezo peke yake hayawezi kulifundisha.

Kazi hii ina upande mgumu ambao haukwepeki. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu kwa kawaida amerithi jeni hiyo kutoka kwa baba na mama pia. Baba akipimwa na kukutwa hana, majibu yanakuwa yamefichua jambo la ndani ya nyumba ambalo hakuna aliyeuliza, na mama ndiye atakayebeba lawama. Je, baba apimwe? Nani aelezwe kwanza, na kwa maneno gani? Wataalamu wa vinasaba hawawezi kuyaamua hayo peke yao maabarani. Yanapaswa kuzungumzwa na wazazi na wazee wa mahali hapo kabla ya tone la kwanza la damu kuchukuliwa.