Peke yako Loch Shiel: anza na baridi ya maji

Wenzetu wanaoishi Uingereza huniuliza wakodi mtumbwi wa aina gani kwa safari ya kulala kambini Uskoti. Kabla ya kujibu, mimi kama mkufunzi wa usalama majini huwauliza: ukipinduka ukiwa peke yako, utafikaje ufukweni?

Tuchukue Loch Shiel, ziwa jembamba la takriban kilomita 28, kutoka Glenfinnan upande wa kaskazini mashariki hadi Acharacle kusini magharibi. Limebanwa na milima, na sehemu kubwa ya ufuko wake wa kaskazini magharibi haina barabara. Usitegemee kupata mtandao wa simu.

Kwetu tukisema maji baridi, tunamaanisha maji yasiyo na chumvi. Kule Uskoti ni baridi ya kuua. Aliyekulia Bagamoyo au Mwanza amezoea kutumbukia na kuibuka akicheka. Mwezi Mei jua la Uskoti hupendeza na usubi haujachachamaa, nami nauona ni mwezi mzuri wa kusafiri. Ila maji huweza kuwa bado chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Ukitumbukia, kwa dakika 1 hivi ya mwanzo unahema kwa nguvu bila kutaka, na pumzi moja ikivuta maji umekwisha. Usiogelee hapo. Lala chali, elea, ngoja pumzi itulie. Baada ya hapo una kama dakika 10 za kutumia mikono kabla haijafa ganzi. Kupoteza fahamu kwa baridi kwa kawaida huchukua karibu saa 1, lakini wengi huzama mapema zaidi. Ndiyo maana jaketi okozi huvaliwa tangu unapoondoka ufukweni mpaka unaposhuka.

Fanya jaribio hili siku ya kuondoka: chuchumaa ukingoni, zamisha mkono hadi kiwiko dakika chache, kisha jaribu kufunga fundo la kamba. Vidole vikigoma, utajua kwa nini filimbi, simu iliyo kwenye mfuko usiopitisha maji, na kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti vinakaa mwilini mwako. Mtumbwi mtupu upepo huuchukua haraka kuliko unavyoogelea, na mizigo yako yote inaondoka nao.

Upepo wa huko mara nyingi hutoka kusini magharibi, yaani sambamba na ziwa lenyewe, na mawimbi hukua kadiri yanavyosafiri. Anayeanzia Acharacle husukumwa tu, akajiona hodari, mpaka siku ya kurudi. Ukipiga kafi dhidi ya upepo, sogeza mzigo kidogo kuelekea omo, yaani mbele, maana mbele pakiwa pepesi mtumbwi unageuzwa. Upepo ukiwa mgongoni, mzigo urudi kidogo tezi, yaani nyuma. Fuata ufuko kwa karibu, upande uliokingwa. Usikatishe katikati. Beba chakula cha siku 1 ya ziada, ili upepo ukichafuka ushuke, upige hema na usubiri bila kujilazimisha. Naona akiba hiyo ina thamani kuliko mtumbwi wa bei kubwa.

Kuhusu ruhusa, sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inakupa haki ya kupita majini kwa chombo kisicho na injini na kupiga kambi ndogo, ukiwajibika: usiku 2 au 3 mahali pamoja, mbali na nyumba, bila kuacha alama. Pikia jiko la gesi, kwa sababu moto ukiingia kwenye udongo wa mboji huendelea kufukuta chini kwa chini. Loch Lomond, ziwa jingine la Uskoti, ni tofauti: kuanzia Machi hadi Septemba kuna maeneo yanayohitaji kibali. Kila jioni jikague kupe.

Kabla ya kuondoka, sajili simu yako kwa kutuma neno "register" kwenda 999, namba ya dharura ya Uingereza, ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale ambapo sauti haipiti. Kisha mwachie mtu mmoja karatasi: gari limeegeshwa wapi, mtumbwi wa rangi gani, hema la rangi gani, utalala ufuko upi kila usiku. Mstari wa mwisho uwe hivi: "Nisipopiga simu Jumapili kufikia saa 2 usiku, piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani."